Kukomaza Ngumi: Kinachokomaa Hasa Ni Nini?

Nyuma ya nyumba ninayoishi, hapa Moshi, umesimama ubao wa mgrivea ambao theluthi ya urefu wake imefukiwa ardhini, na sehemu ya juu nimeizungushia kamba ya katani. Mwanzoni jirani mmoja alidhani ni mahali pa kufungia mbuzi. Kumbe ni makiwara, chombo cha mazoezi ya karate chenye asili ya Okinawa, ambako huvikwa kamba ya mabua ya mpunga. Huku kwetu mkonge ndio ulio karibu, nao unafaa, ingawa huchubua zaidi.

Vijana ninaofanya nao mazoezi huniuliza mara kwa mara iwapo mkono hukomaa kweli kwa kupiga ubao, au tunajizoesha maumivu tu. Jibu langu ni kwamba hukomaa, lakini mfupa, ambao ndio wanaoufikiria, huwa wa mwisho kubadilika. Ngozi hutangulia kwa kuota sugu, kama ilivyo kwa mtu ashikaye jembe kila siku, na sugu hiyo hukinga ngozi yenyewe tu. Baadaye maumivu hupungua. Hapo ndipo kijana hunijia akiwa na furaha na kusema, “Sensei, sasa hata siumii,” nami huingiwa na wasiwasi, kwa kuwa onyo limenyamaza kabla kinachoonywa hakijapata nguvu.

Kuhusu mfupa wenyewe, daktari wa upasuaji wa Ujerumani, Julius Wolff, alieleza mwaka 1892 kwamba mfupa hujijenga upya kulingana na mzigo unaobebeshwa. Wachezaji wa tenisi ni ushahidi mzuri: mfupa wa mkono unaoshika raketi huwa mnene kuliko wa mkono wa pili, hasa kwa walioanza utotoni. Lakini ujenzi huo una utaratibu wake. Kwanza chembe hai maalumu (seli) hula sehemu ya mfupa wa zamani, kazi inayochukua wiki chache. Kisha chembe nyingine hujaza pengo hilo polepole, kwa miezi kadhaa. Maana yake ni kwamba mtu anayeanza kwa pupa huwa na mfupa dhaifu zaidi katika zile wiki ambazo yeye anajiona ameanza kuiva. Mwaka 1855 daktari wa jeshi la Prusia, Breithaupt, aliandika juu ya askari waliovimba miguu kwa sababu ya kutembea mwendo mrefu. Baadaye ilifahamika kuwa ile ilikuwa mifupa iliyopata nyufa kwa kubebeshwa mzigo mara nyingi bila kupumzishwa. Majaribio kwa wanyama yameonyesha pia kwamba mfupa huacha kuitikia baada ya mapigo machache na huhitaji saa kadhaa kabla ya kuitikia tena, kwa hiyo anayepiga ngumi mia tano kwa mkupuo anajiongezea michubuko kuliko anavyojiongezea mfupa.

Nilijifunza haya kwa njia ya kipumbavu. Nikiwa na miaka kumi na tisa nilizoea kupiga ukuta wa matofali ya saruji kila jioni, na siku moja, kwa kuchoka, ngumi ilitua upande wa kidole cha mwisho. Mfupa wa kiganja unaobeba kidole hicho ulivunjika karibu na fundo, mahali ambapo ngumi iliyotua vibaya huvunjika mara nyingi kuliko pengine popote. Hadi leo, nikikunja ngumi, fundo hilo limezama. Ukuta haurudi nyuma hata kidogo, ilhali ubao mzuri hupinda ukipigwa, na kupinda huko ndiko kunakomfundisha mtu kupiga kwa mafundo mawili ya kwanza, kifundo cha mkono kikiwa kimenyooka bila kupinda. Naona faida kubwa ya makiwara ni hiyo: ngumi inayotua sawasawa haivunjiki kirahisi, iwe imekomaa au haijakomaa.

Wapo pia wanaosugua muundi kwa chupa ya soda, wakiamini kuwa ndivyo wafanyavyo mabondia wa Thailand. Chupa huumiza ule utando wenye mishipa mingi ya fahamu unaofunika mfupa, basi. Miundi ya mabondia wale imetokana na maelfu ya mateke kwenye mifuko na pedi kwa miaka mingi. Mfuko wetu tumeujaza nguo za mitumba chakavu kutoka soko la Memorial, maana mchanga hushuka na kuganda chini kama jiwe. (Mafuta ya kuchua hutuliza maumivu, na harufu yake naipenda, lakini hayaongezi mfupa.)

Kitu kisichokomaa kabisa ni gegedu, lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa kwenye viungo vya vidole. Halina mishipa ya damu, hivyo likichakaa halirudi vizuri, na fundo la kidole linalobaki limevimba siku mbili baada ya mazoezi ni dalili ya kuacha ubao. Watoto na wale ambao mifupa yao bado inarefuka siwaruhusu kuugusa, hata wazazi wao wakiniomba. Mimi mwenyewe hupiga ngumi thelathini kwa kila mkono, mara tatu kwa wiki, na ule uliovunjika huanza taratibu zaidi, hasa katika baridi ya Julai.