Baba sio teja jamani

Juzi hapa Ujiji shangazi kamuona baba anameza kidonge chake cha saa nne, akamtania, "Kaka, umekuwa teja uzeeni?" Watu wakacheka, mimi nikanuna.

Baba ana Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa, anatumia dawa inaitwa levodopa. Dozi ikichelewa mkono unatetemeka mpaka kikombe cha kahawa kinagonga kisosi ka ka ka ka. Ndio, mwili unaitegemea, na ukiikatisha ghafla mtu anaweza kukakamaa na homa ikapanda, hatari kabisa. Lakini teja ni yule dawa inamharibia maisha na bado anaifukuzia, anauza mpaka sufuria. Baba tunamkumbusha sisi, tena analalamika! (Wapo wachache wanaojizidishia levodopa wenyewe, hilo lipo, ila sio yeye.)

Halafu akaja jamaa na kopo la Q10, vile vidonge vya virutubisho, laki na nusu, eti aache vidonge vya hospitali atumie hizo. Weee! Q10 ilishapimwa Marekani na Kanada kwa wagonjwa 600, miligramu 1,200 au 2,400 kwa siku, wakaisimamisha kabla ya muda maana faida haikuonekana, matokeo yakatoka 2014. Nikamrudishia kopo lake.

Kilichotusaidia ni dagaa. Yaani sio kula, kuzisogeza mbele, maana protini ya dagaa inagombania na levodopa njia ya kuingia mwilini, kwa hiyo sasa anameza kwanza, nusu saa nzima anakodolea macho bakuli la dagaa huku ananilaumu mimi.