Ninavyoandaa vitabu vya wanyama wa kwenye TV kwa watoto wa awali

Vitabu vya picha vilivyotokana na vipindi vya TV vya wanyama marafiki unavipata kwa wauza vitabu vya mtumba pale Posta, Dar es Salaam, vingi vikiwa vya Kiingereza. Watoto wanavipenda mno kwa sababu sura wanazijua tayari. Shida ni kwamba picha nyingi zimechukuliwa moja kwa moja kutoka kwenye kipindi, na tukio la katikati limebaki kwenye TV. Ukurasa huu nguruwe yuko ukingoni mwa dimbwi, unaofuata yuko bafuni. Kaanguka saa ngapi?

Kwa hiyo kabla ya kulipa naziba maandishi kwa kiganja na kufuata picha peke yake. Nikipotea mara mbili, nakirudisha.

Kisha naangalia pini. Vile vyembamba vya mraba, sentimita 20 kwa 20 hivi, vina kurasa 24 au 32 zilizoshikwa na pini mbili tu, na hewa yetu ya pwani huzitia kutu mpaka karatasi ya katikati inachomoka. Hiyo si sababu ya kukiacha. Nang'oa pini kwa ncha ya kisu, natoboa matundu matatu kwenye mkunjo, mbali na alama za kutu, nashona kwa uzi mnene wa pamba. Naanzia ndani: uzi unatoka nje kwa tundu la kati, unarudi ndani kwa la juu, unaruka la kati na kutokea la chini, kisha unaingia tena kwa la kati. Fundo nalifunga juu ya ule uzi mrefu wa ndani. Selotepu siitumii kabisa. Kwenye joto gundi yake huvuja pembeni na kurasa zikashikana.

Maandishi ndiyo kazi yenyewe. Kwenye TV kila mnyama ana sauti yake, kwenye kitabu msomaji ni mmoja, na mtoto hajui nani kasema nini. Nayaandika upya kwa Kiswahili, ila sifuati Kiingereza neno kwa neno. Natanguliza msemaji, "Sungura akamwambia Bata", na nachomeka lile tukio lililopotea: "Mara akateleza, chubwi!" Sentensi mbili kwa ukurasa zinatosha.

Nachapa steshenari kwenye karatasi ya stika ya A4, herufi za ukubwa wa 20, kwa printa ya leza, kwani wino wa maji husambaa ukiguswa na vidole vyenye jasho. Karatasi ya kawaida na gundi ya maji haifai: juu ya karatasi inayong'aa haishiki, na ikilowa hutanuka, ikikauka inakunja ukurasa mzima. Nabandika juu ya maandishi ya Kiingereza kuanzia upande mmoja, nikisukuma hewa kwa rula. Nabandika nakala niliyonunua tu. Kutoa kopi na kuuza ni kuvunja Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999.

Kitabu cha ukubwa huo hakitoshi darasa zima. Naketisha watoto wanane nusu duara, kitabu nakishika pembeni ya bega, usawa wa macho yao. Wapo ambao kwao hakuna TV, hivyo naanza na jalada, nikigusa kila mnyama na kumtaja jina. Nikifika penye pengo nasimama kabla ya kufunua, nauliza: "Sasa itakuwaje?" Wakishajibu ndipo nafunua.