Jinsi nilivyofufua shelfu za reli za ghala letu bila kununua mpya

Wakuu, naandika hii kama kuna mwenye ghala la zamani anahangaika kama mimi nilivyohangaika. Letu liko Kizota hapa Dodoma, tuna shelfu za chuma zinazotembea juu ya reli kwa mota, ukibonyeza kitufe zinaachana unapata njia. Sasa zikawa zinatembea kidogo zinagoma, hasa mchana upepo ukivuma, na zikigoma mzigo wa ndani haufikiki mpaka mzime umeme muwashe tena.

Tukabadilisha mota, wapi. Tukapaka reli grisi, wapi. Nikaambiwa ng'oa zote weka mpya, nikakataa, maana chuma chenyewe kizima, fundi alikagua nguzo na bolti zote hakuna iliyopinda.

Tukatoa boksi la zamani la kontroli tu, tukaweka PLC ndogo (kompyuta ndogo ya kuendesha mitambo) yenye skrini inayoonyesha sensa ipi imekata. Hapo ndo nikaona! Ni lile jicho la usalama la chini, linalotupa mwanga kwenye kioo cha upande wa pili ili shelfu isimbane mtu. Kile kioo kilijaa vumbi jekundu, ukipitisha kidole unaacha mstari, kwa hiyo mwanga haurudi kwenye jicho, mfumo unadhani kuna mtu katikati. Tukakifuta kwa kitambaa laini, tukakifungia kikofia cha bati juu, na sasa kinafutwa kila Jumatatu.

Msije mkaunga waya kuliruka hilo jicho ili shelfu zitembee bila lenyewe jamani, ndo linalinda miguu ya vijana wetu. Wiki ya tatu hii hazijagoma hata mara moja.