Gitaa Lenye Gogo Tumboni

Umeme ulipotea Jumanne jioni mtaani kwetu Migosi, hapa Kisumu, nikiwa katikati ya mazoezi. Amplifaya ilinyamaza, feni ikapunguza mwendo hadi ikasimama, na majirani wakaanza kuitana kutoka roshani moja hadi nyingine wakiulizana kama ni nyumba yao peke yake au ni mtaa mzima. Sikuliweka gitaa chini. Niliendelea na wimbo uleule gizani, kwa sauti ambayo mke wangu aliyeketi kwenye kochi la pili aliisikia vizuri, lakini ambayo haikuwa na nguvu za kupenya ukuta na kumwamsha mtoto wa jirani.

Sauti hiyo ndogo ndiyo iliyonifanya nisiliuze gitaa hili hadi leo, ingawa siku niliyolinunua sikuifikiria hata kidogo. Nililipenda kwa macho. Lilikuwa jekundu la mvinyo, pana, lenye mabega mawili ya mviringo, na nilidhani kwamba mtu akilishika ataonekana mwanamuziki hata kabla hajapiga chochote.

Ni gitaa la umeme, lakini si la ubao mtupu. Magitaa mengi ya umeme tunayoyaona makanisani na katika bendi zetu yana mwili wa mbao iliyojaa kabisa, kwa hiyo umeme ukikatika hubakiwa na mlio mwembamba kama wa waya uliotandazwa juu ya meza. Langu ni sanduku jembamba lenye unene wa takriban sentimita nne, na usoni lina matundu mawili yaliyokatwa kwa umbo la herufi f, kama yale ya fidla. Ukichungulia katika tundu moja utaona uwazi, lakini uwazi huo haufiki upande wa pili, kwa sababu katikati, kuanzia penye shingo hadi penye mkia, pamepitishwa gogo la mbao lililogandishwa kwa gundi usoni na mgongoni. Mbavu zina hewa, kifua kimejaa. Nyuzi, kidaraja (kile kipande kinachozibeba nyuzi) na pikapu zote zimekaa juu ya kifua hicho. (Pikapu ninayoisema hapa ni ile sumaku iliyozungushiwa waya ambayo huyageuza matikisiko ya nyuzi kuwa umeme. Nilipomwambia binamu yangu wa Bondo kwamba pikapu ya mbele imeharibika, aliniuliza nilinunua gari lini.)

Gogo hilo lina historia inayonifurahisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1940, mpiga gitaa wa Marekani aitwaye Les Paul alichukua boriti ya msonobari yenye upana na kimo cha inchi nne, akaifunga shingo, nyuzi na pikapu, kisha, kwa kuwa boriti haikupendeza kutazamwa, akalipasua gitaa la kawaida vipande viwili na kuvibandika ubavuni mwake. Kwa lugha yao walikiita chombo hicho Gogo. Aliwapelekea Gibson, kampuni ya kutengeneza magitaa, wazo lake la gitaa la umeme lisilo na uwazi na wakamkatalia, wala hawakuingia katika biashara hiyo hadi mwaka wa 1952, walipotoa gitaa la ubao uliojaa lenye jina lake. Kisha mwaka wa 1958, Ted McCarty akiwa mkuu wa kampuni hiyo, wakatoa gitaa liitwalo ES-335, lenye gogo la mti wa mepo katikati na mbavu zilizo wazi, na magitaa yote ya aina hii yaliyotengenezwa baadaye ni watoto na wajukuu wa hilo. Langu ni mjukuu wa mbali, aliyezaliwa katika kiwanda kimojawapo cha Asia kwa watu wa kipato changu.

Wapo wanaoyadharau magitaa haya kwa sababu uso na mgongo wake si ubao mmoja bali ni tabaka za mbao nyembamba zilizogandishwa na kukandamizwa kwenye kalibu, yaani plaiwudi. Mimi naona dharau hiyo ni ya watu wasiokaa kando ya ziwa. Nililinunua Nakuru, mji ulio kwenye kimo cha takriban mita 1,850 na wenye hewa kavu, kutoka kwa mtu aliyekuwa akiacha muziki wa kumbi za usiku. Nililipakata ndani ya matatu hadi Kericho, kisha tukateremka pamoja hadi Kisumu, kwenye mita 1,130 hivi, katika joto na unyevu. Baada ya wiki mbili nyuzi zilikuwa zimeinuka juu ya shingo kiasi cha kuviumiza vidole. Uso wa plaiwudi haukuonyesha badiliko lolote. Shingo ndiyo iliyopinda, na ilinibidi nijifunze kukaza kile chuma kirefu kinachopita ndani yake, kwa alenki, robo mzunguko kwa siku, nikisubiri hadi kesho yake kuona mbao imesema nini. Rafiki yangu mwenye gitaa kavu, yaani lisilo la umeme, la ubao mmoja hakubahatika: uso wa lake umefura nyuma ya kidaraja kama andazi.

Dosari kubwa ya gitaa hili ni kwamba halina mlango. Magitaa ya ubao uliojaa huwa na kifuniko, ukifungua skrubu chache unaona waya zote. Hili halina, na kila kitu kilichomo ndani kiliingizwa kupitia matundu ya herufi f. Jambo hilo nililijua kwa uchungu mwaka wa pili, nilipochomeka waya wa amplifaya na kuona soketi yake ikizama ndani ya sanduku pamoja na waya. Nati ilikuwa imelegea kwa miezi kadhaa, na mimi nilikuwa nikiikaza kwa vidole na kujiambia kwamba nitaishughulikia wikendi.

Fundi wa kwanza niliyempelekea alilitazama gitaa kwa muda, akaligeuza, akaugonga mgongo kwa kifundo cha kidole na kusema, “Mwalimu, hapa tutatoboa nyuma, tuweke kifuniko cha plastiki.” Nilimshukuru, nikalirudisha kwenye mfuko wake na kuondoka kwa hatua ndefu kuliko kawaida yangu. Fundi wa pili, mzee anayetengeneza redio karibu na soko la Kibuye, hakutaka kutoboa chochote. Aliivuta soketi nje kupitia tundu la f kwa spoku ya baiskeli aliyoikunja ncha, akaonyesha mahali waya ulipokatika, akaulehemu, kisha akanirudishia gitaa huku soketi inaning’inia nje kama ulimi. “Kuitoa ni kazi yangu,” alisema. “Kuirudisha ni kazi ya mtu mwenye subira, na mimi nina wateja.”

Mke wangu ndiye aliyeitatua shida hiyo. Aliuliza kwa nini tusifanye kama anavyopitisha mpira kiunoni mwa sketi za shule. Tukaingiza uzi mgumu wa kushonea viatu kupitia tundu dogo la soketi, tukauvua ndani kwa ndoana ya spoku hadi ukatokea kwenye tundu la f, tukauingiza katika mdomo wa soketi na kufunga fundo nene upande wa pili, kisha tukavuta. Soketi ilitembea gizani mle ndani, ikakwama, ikageuka, na hatimaye ikachomoza kichwa mahali pake. Hapo ndipo nilipogundua kwamba mwisho wa uzi niliokuwa nimeushika nilikuwa nimeufunga kwenye penseli ili usiponyoke, na kwamba washa na nati zilikuwa bado mezani, zisingeweza kuipita penseli hiyo. Nilipoufungua uzi, uliteleza, soketi ikarudi tumboni. Tulirudia mara nne. Yeyote atakayejaribu kazi hii nyumbani azivishe washa na nati kwenye uzi kabla ya kitu kingine chochote.

Jambo la pili ambalo watu huuliza ni mluzi. Spika ikitoa sauti kubwa, sauti hiyo huutikisa uso wa gitaa, uso hutikisa nyuzi, nyuzi huipa pikapu mlio uleule, pikapu huurudisha kwa spika ukiwa umekua zaidi, na duara hilo likizunguka kwa nukta chache tu ukumbi mzima hujaa ukelele. Gitaa lenye uwazi mtupu ndani huanza mapema sana. La ubao uliojaa huchelewa. Gogo liliwekwa kwa ajili hii hasa, kuutuliza uso mahali kidaraja kinapokaa. Hata hivyo kutuliza si kuzuia. Kanisani tunakopiga, mpiga gitaa husimama hatua moja kutoka kwa spika kubwa kwa sababu jukwaa ni dogo, na mwanzoni kila nilipoacha kupiga ili mchungaji aombe, gitaa liliendelea peke yake. B.B. King, mpiga gitaa wa blues wa Marekani, aliwahi kuziba matundu ya magitaa yake kwa vitambaa, na mwaka wa 1980 Gibson walipomtengenezea modeli yenye jina la Lucille, jina aliloyaita magitaa yake, waliiacha bila matundu kabisa. Mimi nilitumia soksi nyeusi za mtoto wangu, moja kila upande. Zinafanya kazi vizuri, na kutoka kwenye viti vya waumini hazionekani. Faida ya pili ni kwamba wale wadudu wadogo wanaoibuka ziwani kama wingu la moshi hawaingii tena. Wakati mmoja nililitikisa gitaa nikamwaga wadudu wakavu karibu kijiko kizima.

Kuhusu mvuvumo wa umeme sina malalamiko. Pikapu zake ni za koili mbili, za mtindo alioubuni Seth Lover katika kampuni ya Gibson mwaka wa 1955: koili hizo na sumaku zake zimepangwa kinyume, kwa hiyo mvuvumo unaonaswa na koili moja hufutwa na wa nyingine, ilhali mlio wa nyuzi hujumlishwa. Katika nyumba zetu za kupanga, ambamo waya wa ardhini aghalabu ni hadithi, huo si msaada mdogo.

Sasa nije kwenye muziki wenyewe, maana chombo hupimwa na kinachopigwa. Nikiwa mkweli, hili si gitaa bora la benga, ule muziki ulioanzia kwa Waluo. Gitaa la kwanza la benga, yaani lile linaloongoza, kama la mwanamuziki D.O. Misiani na wenzake, lina sauti kali, kavu na yenye makali ya juu. Hupiga noti mojamoja kwa kasi, likimfuata mwimbaji na kumjibu, kisha waimbaji wakinyamaza hulipuka lenyewe. Wengi huiunganisha kasi hiyo na nyatiti, kinubi cha Waluo chenye nyuzi nane, ambayo mpigaji wake hugonga pia ukingo wa chombo kwa pete ya chuma aliyoivaa kwenye kidole cha mguu. Pikapu za koili mbili huinenepesha sauti, na noti zinazopaswa kutapakaa kama mtama kwenye sinia hutoka zimeshikana kama uji. Mzee mmoja wa mtaani kwetu, aliyepiga gitaa la kwanza katika kumbi za Kondele alipokuwa kijana, alinisikiliza jioni moja na kuniambia, “Kijana wangu, mkono ni mzuri, lakini hilo gitaa lako limeshiba.” Tangu siku hiyo nikipiga benga hutumia pikapu ya nyuma peke yake na kupunguza sauti kwenye kitufe cha gitaa kidogo, na mlio hukonda kiasi, ingawa mzee bado hutikisa kichwa.

Mahali ambapo gitaa hili linanishinda kwa uzuri ni katika mtindo wa omutibo wa Waluhya, uliopigwa na George Mukabi hadi kifo chake mwaka wa 1963. Mtindo huo ulizaliwa kwenye gitaa kavu: dole gumba linatembea kwenye besi, kidole cha shahada kinaimba juu yake, na pembeni mtu anakwaruza chupa ya soda kushika mapigo. Kwenye gitaa la ubao uliojaa mtindo huu hukosa tumbo, besi hugonga na kufa. Kwenye langu besi hujaza zile mbavu wazi na kukaa kidogo kabla ya kuondoka, hata bila umeme, nami husikia wazi pale dole gumba langu linapokuwa vivu. Amplifaya huyaficha makosa ya dole gumba. Nimejifunza zaidi katika jioni za giza kuliko katika jioni za taa, na nadhani mkono wangu wa kulia una deni kwa hitilafu nyingi za nguzo za umeme za Migosi.

Jumanne hiyo nilikuwa nikirudia mpito mmoja wa besi unaoteremka, mgumu kwa kidole kifupi kama changu. Nilikuwa nimeupata mara tatu mfululizo, na mara ya nne niliupiga kwa nguvu kidogo, kwa furaha. Saa nne kasorobo ilikuwa imefika. Taa ziliwaka zote kwa pamoja, feni ikaanza kuzunguka, na amplifaya, ambayo nilikuwa nimesahau kuizima na ambayo kitufe chake cha sauti kilikuwa pale kilipokuwa jioni, ikaimwaga noti hiyo ya nne mtaa mzima. Mtoto wa jirani alianza kulia. Mama yake aligonga ukuta mara mbili.