Sekunde Tisa za Umoja

Zikiwa zimesalia sekunde tisa, tukiongoza kwa pointi mbili, nilimtoa kijana wetu mrefu kuliko wote. Ilikuwa Jumapili moja ya Julai 2022, kwenye uwanja wa saruji wa mpira wa kikapu katika mtaa wa Umoja, Nairobi, na kocha nilikuwa mimi. Nilitaka wepesi wa miguu wawakabe wapigaji wa mbali wa wapinzani. Wakapiga, wakakosa. Mpira ukadondoka palepale ambapo Mrefu angekuwa amesimama. Kitoto chao kifupi kikaudaka, kikafunga huku kikichezewa faulo, kikafunga na mtupo huru. Tukapigwa kwa pointi moja.

Hesabu hiyo sikuibuni mimi. Juni 2013 niliamka saa kumi alfajiri kutazama mchezo wa sita wa fainali ya NBA, ligi ya kikapu ya Marekani. San Antonio Spurs walihitaji ushindi mmoja tu wawe mabingwa. Wakiongoza Miami Heat kwa pointi tatu, mwishoni kabisa, kocha wao Gregg Popovich akamkalisha benchi Tim Duncan, mmoja wa warefu wao. LeBron James wa Heat akakosa, mwenzake Chris Bosh akadaka ribaundi, yaani mpira uliorudi baada ya kukosa, Ray Allen akapokea kwenye kona, akafunga mtupo wa pointi tatu: sare. Heat wakashinda 103–100 katika muda wa ziada, kisha wakachukua na mchezo wa saba. Popovich ana mataji matano, na alipoacha benchi 2025 alikuwa na ushindi 1,422 wa msimu wa kawaida, ambao hakuna kocha mwingine wa NBA aliyeufikia. Ana mengi ya kuigwa, huyo mzee. Mimi nikaiga lile.

Nilitaka kupanda matatu nikalale. Mrefu alikuwa akifungua kamba za viatu bila kuniangalia. Hapo nikakumbuka kilichofuata usiku ule Miami. Spurs walikuwa wamepanga kusherehekea kwenye mkahawa wa Kiitaliano. Popovich hakuahirisha. Akasema wote waende, naye akapita meza hadi meza akizungumza nao. Mwaka uliofuata walikutana tena na Heat fainali, wakawapiga michezo minne kwa mmoja.

Mfukoni nilikuwa na shilingi elfu moja ya tokeni za stima. Nikawaambia, "Twendeni kibandani."

Walikuja wakiburuta miguu. Mama wa kibanda alipoona wateja kumi na mmoja kwa mpigo, uso ukamng'aa.

"Kocha, leo mmeshinda?"

"Tumepigwa, Mama."

"Na mnakula hivi?"

Mmoja akacheka, wa pili akafuata. Chapati na madondo zikaletwa. Nikaketi kando ya Mrefu, na kwa muda mrefu hatukusema kitu. Alikula kama mtu anayelipiza kisasi.

"Kocha," akasema hatimaye, "ile ribaundi ilikuwa yangu."

"Ilikuwa yako."

Akaitazama sahani yangu, akanyosha ule mkono wake mrefu, akachukua chapati yangu ya pili. Usiku huo nililala gizani.