Juu ya Chaneli ya 40: Masafa Yenye Wenyewe

Dereva wa lori anayevuka Marekani akiwa na redio ya CB, ile redio ndogo ya kuzungumziana na wengine barabarani, anatumia ruhusa ambayo hakuiomba wala kuilipia. Tangu mwaka 1983, Tume ya Mawasiliano ya nchi hiyo, ambayo sote tunaiita FCC, haidai tena leseni ya mtu binafsi kwa redio hizi. Kanuni zenyewe ndizo zinazotoa haki ya kuzungumza, kwa sharti kwamba mzungumzaji azifuate. Mipaka ya haki hiyo inasomeka wazi: chaneli 40, kuanzia megahezi 26.965 hadi 27.405, nguvu isiyozidi wati 4 kwa AM, njia ya kawaida ya kurusha sauti, na wati 12 kwa SSB, njia inayobana sauti kwenye nafasi finyu zaidi, redio iliyoidhinishwa na Tume kwa kazi hiyo, na amplifaya ya nje, yaani kifaa cha kuongeza nguvu ya mawimbi, hairuhusiwi kabisa. Anayevuka mpaka mmojawapo anakuwa ametoka nje ya ruhusa, na machoni pa sheria ni mtu anayerusha mawimbi bila leseni.

Ninawaandikia madereva wenzangu wa Kiswahili, hasa waliofika karibuni, kwa sababu imeenea miongoni mwetu dhana kwamba sehemu iliyo juu ya chaneli ya 40 haina mwenyewe, na kwamba mtu mwenye adabu anaweza kuitumia bila kumdhuru yeyote. Dhana hiyo nimeisikia kwa watu ninaowaheshimu, tena wenye miaka mingi barabarani, na ndiyo maana naona inastahili kujibiwa kwa hoja.

Ina historia inayoeleweka. Redio hizi zilipewa chaneli 23 katika masafa ya megahezi 27 mwaka 1958. Mgogoro wa mafuta wa mwaka 1973 ulipoleta uhaba wa dizeli na kikomo cha mwendo wa maili 55 kwa saa, madereva wa malori walizitumia kuambizana kituo gani kina mafuta na polisi wamesimama wapi, na kwa muda mfupi chaneli zikafurika watu. Tarehe 1 Januari 1977 ziliongezwa zikawa 40. Wapo waliokuwa wamekwisha kuhamia pembeni, juu na chini ya masafa yaliyoruhusiwa, na hawakurudi.

Huko pembeni wamejijengea desturi, na sitakuwa mkweli nikisema ni wahuni watupu. Wanaitana kwenye megahezi 27.555 kwa SSB, na wakishapatana wanahamia masafa mengine ili wengine wapate nafasi ya kuita. Wanasikiliza kabla ya kubonyeza maikrofoni. Wana namba za nchi, ambapo Italia ni 1, Marekani ni 2 na Brazili ni 3, na wengi wao hutumiana kadi za posta kuthibitisha kwamba walisikilizana. Mtu aliyezoea kelele na matusi ya baadhi ya chaneli halali anaweza kukaa nao jioni nzima akadhani ndiko kwenye ustaarabu.

Lakini adabu hiyo ni ya wao kwa wao. Kutoka megahezi 27.43 hadi 27.53 kuna masafa yanayotolewa kwa leseni kwa shughuli za biashara na viwanda. Kutoka 27.54 hadi 28.00, humo humo ilimo 27.555, ni ya Serikali ya Marekani. Kuanzia 28.00 hadi 29.70 ni ya waendeshaji wa redio wa ridhaa, yaani wasiofanya biashara nayo, ambao kila mmoja wao amefanya mtihani na kupewa alama yake ya wito, yaani herufi na namba za kumtambulisha hewani. Hata ndani ya chaneli zetu wenyewe kuna mianya isiyo yetu: kati ya chaneli ya 19, ambayo madereva ndiyo tunayokutania, na ile ya 20, iko megahezi 27.195, iliyotengwa kwa vifaa vinavyoongozwa kwa mbali. Kiwanja kisichojengwa nacho kina hati.

Jibu ninalopewa mara nyingi ni kwamba wanasikiliza kwanza, na wakikuta kimya wanajua hakuna mtu. Hapa ndipo tunapopaswa kuelewa jinsi mawimbi ya megahezi 27 yanavyosafiri. Yana njia mbili. Ya kwanza inafuata ardhi na kufifia baada ya kilomita chache au makumi kadhaa, kulingana na antena na milima. Ya pili inapanda angani, na jua linapokuwa na shughuli nyingi, kama lilivyokuwa katika kilele cha mzunguko wake mwaka 2024, tabaka la juu la anga huyarudisha mawimbi ardhini mamia au maelfu ya kilomita kutoka yalikotokea. Kati ya mahali ambapo njia ya kwanza inaishia na mahali ambapo ya pili inatua pana ukanda ambamo hakuna kinachosikika. Kwa hiyo mtu aliyeegesha lori Ohio anaweza kusikia kimya kitupu huku mwenye leseni aliye ndani ya ukanda huo yuko kazini akizungumza, na wote wawili wanasikika vizuri na mtu wa tatu aliye Texas, ambaye sasa amepoteza ujumbe aliokuwa akiusubiri. Kusikiliza ni wajibu wa kila anayerusha mawimbi, lakini hakuwezi kukuonyesha kwamba masafa hayana mtu. Kinachofanya kazi hiyo ni mgawanyo wa masafa, na mgawanyo ndio huo tunaoambiwa tuupuuze.

Amplifaya huongeza ubaya. Nyingi zinazouzwa kwa madereva hazina vichujio vya kutosha, na redio nyingi zilizo nyuma yake zimeondolewa kizuizi cha sauti ili zisikike zaidi. Sauti hiyo humwagikia chaneli za jirani, na nakala ya mawimbi hujitokeza kwenye masafa maradufu, karibu na megahezi 54, ambako chaneli ya pili ya televisheni ya Marekani inaanzia. Mwenye nyumba iliyo karibu na maegesho hajui kwa nini picha yake inakatika.

Kisha kuna hoja ya dharura: kwamba katika shida mtu anaweza kuingia masafa yoyote. Julai 2021, wakati wa moto wa msituni kaskazini mwa Idaho, mtu mwenye leseni ya redio ya ridhaa aliingia mara kadhaa kwenye megahezi 151.145, masafa ya Idara ya Misitu yaliyokuwa yakitumika kuongoza wazimamoto na ndege. Alidai kwamba alitaka kuwapa taarifa za kuwasaidia. Mwaka 2022 FCC ilipendekeza atozwe faini ya dola 34,000. Leseni yake haikumfaa kitu, kwa sababu masafa yale hayakuwa yake, na nia njema haikumfaa pia, kwa sababu kiongozi wa zimamoto hawezi kusimamisha kazi ili ampime mgeni asiyemwona. Anayeona hatari na ana redio ya CB anayo chaneli ya 9, iliyotengwa kwa dharura na msaada wa wasafiri, na anayo simu.

Kiwango cha msingi cha faini ya kurusha mawimbi bila idhini ni dola 10,000, na kile cha kutumia kifaa kisichoidhinishwa ni dola 5,000. Tume inaweza kupandisha au kupunguza kulingana na kosa. Ni kweli kwamba wengi hawakamatwi. Mimi sioni kuwa hiyo ni hoja.

Redio zinazouzwa kwenye vituo vya malori kwa jina la redio za mita 10, yaani za masafa yale ya ridhaa ya megahezi 28.00 hadi 29.70, zinahitaji neno la peke yake, kwa kuwa ndizo zinazowanasa wageni. Kisheria zinauzwa kama vifaa vya ridhaa. Kisha fundi hukata waya mmoja au kubonyeza vitufe, zikafunguka kwenye chaneli za CB na kote pembeni. Muuzaji hakuelezi kwamba redio hiyo haina idhini ya kutumika hata kwenye chaneli ya 19. Anayepanga kuitia kwenye kontena kuelekea Mombasa au Dar es Salaam akumbuke pia kwamba ruhusa ya Marekani haivuki bahari: Kenya ina Mamlaka ya Mawasiliano, Tanzania ina mamlaka yake, TCRA, na redio inayorusha mawimbi huhitaji idhini kwao kabla ya kuwashwa.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba mlango halali uko karibu sana. Leseni ya kwanza ya ridhaa haihitaji uraia wa Marekani, wala haihitaji kujua Morsi, ile lugha ya nukta na mistari. Mtihani una maswali 35, na aliyepata 26 amefaulu. Maswali yote yanayoweza kuulizwa huchapishwa hadharani pamoja na majibu. Ada ya FCC ni dola 35, na leseni hudumu miaka 10. Mwenye leseni hiyo anaruhusiwa kuzungumza kwa SSB kati ya megahezi 28.300 na 28.500 kwa nguvu hadi wati 200, kwa mawimbi yanayosafiri sawa na yale ya 27.555, na bila kumficha mtu yeyote jina lake. Anayeona redio ya mita 10 imemkalia bure ndani ya lori na aitazame kwanza: kama ina SSB, atakapopata leseni ataweza kuitumia hapo kihalali, ilimradi asitoke nje ya masafa hayo; kama ni ya AM na FM tu, itambidi apande daraja la pili la leseni, ambalo linamfungulia mita 10 yote, ikiwemo sehemu ya megahezi 29 ambako wapenzi wa AM hukutana.