Wageni wangu wa mapukutiko huja na reki

Kitu cha kwanza kinachochukuliwa na majira ya mapukutiko ni mwanga. Baridi hufuata baadaye, tena kwa kusitasita. Ikishapita ile siku ambayo mchana na usiku hulingana, tarehe 22 au 23 Septemba kwa wanaoishi kaskazini mwa dunia (wa kusini wao ni Machi), mchana hupungua kwa kasi kuliko wakati mwingine wowote. Kwenye latitudo 50 hivi unapoteza karibu dakika nne kila siku, takriban nusu saa kwa wiki. Kwa mtu aliyekulia karibu na Ikweta kama mimi, aliyezoea jua linalozama kwenye saa kumi na mbili mwaka mzima, mambo yanavurugika: unatoka kazini giza limeshatanda, watoto wamenuna, na marafiki wanaahirisha kuonana mpaka hali ya hewa itakapokuwa nzuri. Yaani miezi sita ijayo.

Njia niliyoishika ni rahisi, na sijaona sababu ya kuibadilisha. Kila kazi ambayo nyumba inadai kabla ya majira ya baridi naigeuza mwaliko. Mgeni aliyekalishwa kwenye kochi akaandaliwa kinywaji atazungumza kidogo, kisha atatoa simu mfukoni. Mgeni huyohuyo ukimkabidhi reki atakaa mpaka jioni, na hadithi alizokuwa nazo tangu mwaka jana zitamtoka bila kuulizwa.

Jambo ninalolisimamia kwa ukali ni saa. Kuanzia saa tano asubuhi hadi saa tisa mchana siku za mapumziko, hakuna mtu kubaki ndani. Kufua, kupiga pasi na kupanga makabati vyote nimevisukumia usiku, kwa kuwa havihitaji jua. Chakula kikubwa cha familia nacho nilikihamisha kikawa cha mchana. Shemeji yangu aliguna kidogo mwanzoni, maana kwake kualikwa ni usiku. Siku hizi ndiye anayefika wa kwanza.

Majani ndiyo kazi kubwa. Watoto wanapenda kuyakusanya ili wayarukie, kisha yanakusanywa upya, na hapo kazi ya saa moja inakula mchana mzima. Nawaacha. Ninachokataza ni mbio kwenye njia ya mawe, kwa sababu majani yaliyolowa yanateleza vibaya, hasa kwa wazee.

Mwaka mmoja tukiwa katikati ya shughuli hiyo mama alipiga simu ya video. Akautazama mti wetu uliobaki matawi matupu, akasema, "Mwanangu, huo mti mbona umekauka? Hamuumwagilii maji?" Nikamwambia, "Hapana mama, umelala tu." Hakuridhika. Mwanangu akamnyang'anya kaka yake simu, akamweleza bibi yake vizuri kuliko ningeweza mimi: mti wenyewe ndio unaoyaangusha. Mchana ukifupika, unaacha kutengeneza klorofili, ile rangi ya kijani, na iliyopo inavunjika. Manjano iliyokuwa imefichwa chini yake wakati wote inapata nafasi ya kuonekana. Kisha mahali kikonyo cha jani kinaposhikana na tawi panajengeka tabaka jembamba linaloziba njia, na upepo unamalizia. Nyekundu ina habari nyingine, kwani miti mingi huitengeneza upya wakati huohuo kutokana na sukari iliyobaki kwenye jani. Ndiyo maana mwaka wenye mchana wa jua na usiku wa ubaridi usiofikia kugandisha huwa na wekundu mkali, na mwaka wa mawingu unapita umefifia. Mama alisikiliza yote, akasema haya, lakini maji kidogo hayadhuru.

Hatuyachomi majani hayo. Yanarundikwa kwenye kona ya bustani, yanalowanishwa, yanaachwa. Kuvu huyaozesha taratibu, na baada ya mwaka mmoja au miwili unapata mboji nyeusi, laini, isiyo na harufu mbaya. Rundo hilo halitakiwi kuguswa ovyo baadaye, kwa sababu kalunguyeye hupenda kujificha humo kulala kipindi chote cha baridi. Watoto wetu hulilinda rundo kuliko wanavyolinda vyumba vyao.

Mavuno hayana maneno mengi. Boga linakatwa pamoja na kikonyo chake, linaanikwa mahali pakavu penye joto kwa wiki moja au mbili hadi ganda ligumu, ndipo linawekwa. Matufaha yanachambuliwa moja moja mezani, watu wakizungumza. Lenye jeraha linaliwa leo, zima linafungwa karatasi na kupelekwa penye ubaridi. Samaki mmoja akioza wote wameoza, na kwa matufaha methali hiyo ni sayansi kabisa: linaloiva kupita kiasi hutoa gesi ya ethilini inayowaharakisha wenzake. Kazi hii humfaa mgeni ambaye magoti yake hayawezi tena bustani.

Jioni inahitaji mpango tofauti. Taa moja kali ya dari inaifanya sebule ionekane kama ofisi, kwa hiyo tunaizima na kuwasha taa ndogo za mwanga wa manjano pembeni. Tofauti yake huwezi kuamini mpaka uijaribu. Hata sauti za watu hushuka. Anayetaka kusoma anasogea kwenye taa, wengine wanabaki wakipiga soga wamejifunika mablanketi.

Moto wa kuni ndio unaosifiwa zaidi katika msimu huu, na mimi ndiye mkali wake. Kuni mbichi hazina heshima: zinatoa moshi, zinajaza dohani masizi yanayoweza kushika moto, na joto lenyewe hulioni. Zinazofaa ni zile zilizokauka hadi unyevu kushuka chini ya asilimia 20, na kwa miti mingi hiyo ni kazi ya mwaka mmoja au zaidi chini ya paa lenye hewa. Dohani inasafishwa kabla ya moto wa kwanza. Na kifaa cha kutambua gesi ya kaboni monoksidi hakikosekani chumbani humo, kwa kuwa gesi hiyo haina rangi wala harufu, na dalili zake za kwanza, kichwa kuuma na kichefuchefu, mtu huzidhania mafua. Marafiki wamenitania sana kwa kukijaribu kifaa hicho kabla ya kila mkusanyiko. Watanie tu.

Ile Jumapili saa zinaporudishwa nyuma, ya mwisho ya Oktoba huko Ulaya na ya kwanza ya Novemba katika sehemu kubwa ya Marekani, wengi wanaitumia saa ya ziada kulala. Mwenye watoto wadogo anajua kwamba hakuna saa ya ziada. Matumbo yao hayasomi saa ya ukutani. Sisi asubuhi hiyo tumeitengea kupanda tulipu.

Tunguu la tulipu linafanana na kitunguu kidogo, na bila wiki nyingi za baridi ardhini halitoi ua la maana, kwa hiyo hapa ubaridi unatusaidia. Shimo linakuwa na kina cha mara mbili au tatu ya urefu wa tunguu, ncha inatazama juu. Kila aliyekuja anapanda ya kwake na kuandika jina kwenye kijiti. Mvua huyafuta majina hayo yote kabla ya maua kutoka, hivyo majira ya kuchipua yanaanza kwa ugomvi wa nani alipanda lipi, na shemeji hudai mekundu yote ni ya kwake. Mwaka huu nimenunua kalamu isiyofutika.